Tusingoje mvua ndipo tutafute jembe

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza kunyesha mnamo Oktoba, hutokea kioja kimoja katika shule zetu nyingi. Mwalimu Mkuu husimama barazani na mwavuli mkononi, akawatazama watoto wanavyoruka madimbwi, kisha akaamuru jembe litafutwe ili mtaro uzibuliwe. Jembe likipatikana huwa halina mpini. Mpini ukipatikana, maji huwa yameshaingia darasani.

Nilifundisha kwa miaka thelathini na ushei kabla ya kustaafu, na kioja hicho nimekiona mara nyingi hata nikaanza kukidhania kuwa sehemu ya ratiba ya masomo. Leo ningependa kuzungumza na walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi ambao ndio wakazi hasa wa viwanja vya shule, kuhusu jambo ambalo hatulipi uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni kuutayarisha uwanja wa shule kabla ya mvua. Si wakati wa mvua, wala si baada yake.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba ukurasa kama huu ungefaa kujadili mitihani, mishahara au mitaala. Simlaumu. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka ukuta uliponifunza.

Mwaka wa 1997 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi kwenye sehemu za mashambani za mkoa wa Pwani. Darasa la sita lilikuwa mwisho wa jengo, upande wa mteremko. Mlizamu, yaani ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa, ulikuwa umeng'oka upande mmoja ukawa unaning'inia. Kila iliponyesha, maji ya paa zima yalimwagika mahali pamoja, kwenye pembe ya msingi. Pembe hiyo ilikuwa imeanza kutoa ufa.

Mwezi wa Julai mwaka huo nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliuona ule mlizamu, nikauona na ule ufa, nikaandika katika daftari la zamu kwamba vyote viwili virekebishwe. Kisha nikalifunga daftari. Nilidhani kuwa kuandika ni kutenda.

Mlinzi wetu wa usiku alikuwa mzee aliyefanya kazi majahazini enzi za ujana wake. Jioni moja mwezi wa Septemba alinikuta karibu na pembe ile, akaniambia, "Mwalimu, chombo hukalafatiwa kikiwa pwani. Kikishaingia bahari kuu, kazi yako ni kuteka maji na kuyamwaga tu."

Nikamjibu, "Ni kweli, Mzee wangu, lakini kamati haina pesa."

Aliinua macho akautazama ule mlizamu kwa muda. "Misumari miwili na kipande cha waya," akasema, kisha akaenda zake kuwasha taa.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata Oktoba hiyo. Mvua za El Nino zilianza, zikaendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Zilibomoa madaraja, zikaiharibu barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, na katika wilaya ya Garissa zikafuatwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Katika shule yetu zilibomoa ukuta mmoja tu. Ulianguka usiku wa Jumapili.

Asubuhi ya Jumatatu tulikuta sehemu ya darasa imefukiwa na matofali. Nilisimama nikayahesabu madawati yaliyovunjika. Yalikuwa 7, na kila dawati lilikaliwa na watoto 3.

Hakuna aliyeumia, na Mungu ashukuriwe. Hata hivyo, harambee ya kuujenga ukuta mpya ilichukua takriban miaka miwili, na kwa muda huo wote watoto wale walisomea chini ya mwembe. Siku za mvua hawakusoma kabisa. Walipofika darasa la nane na matokeo yao kuwa duni, walilaumiwa kwa uvivu. Mimi niliyajua ya mlizamu na ya ufa, nami sikusema kitu. Sina haja ya kuitaja shule hiyo, kwa kuwa kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la wengine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaifundisha mwaka nenda mwaka rudi. Watoto huiandikia insha, wakasahihishiwa na kupewa alama, ilhali ufa wenyewe uko ukutani nyuma ya mwalimu. Basi inatupasa tujiulize: kwa nini hatuuzibi?

Naona sababu tatu. Ya kwanza ni kalenda. Katika sehemu nyingi za nchi yetu masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Disemba. Sasa itazame kalenda ya shule. Muhula wa kwanza hufungwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Muhula wa tatu nao hukatika vuli ikiwa imeanza, na baada ya watahiniwa kuondoka, shule hubaki tupu Novemba na Disemba. Yaani majengo yetu huikabili mvua yakiwa mayatima. Maji yakipenya Novemba, hakuna wa kuyaona mpaka Januari, na ifikapo Januari vitabu vya stoo vimeota ukungu na mchwa wameshahamia.

Ndiyo maana nasema kwamba kazi ya kujitayarisha kwa vuli ni ya Julai hadi Septemba, na ya masika ni ya Februari. Wenzetu wa maeneo ya magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, watajua wenyewe ni mwezi gani wenye nafuu. Fauka ya hayo, Idara ya Hali ya Anga hutoa utabiri wake kabla ya kila msimu. Utabiri huo husomwa redioni, nasi tukausikiliza kama tunavyosikiliza matokeo ya mpira wa ng'ambo, kana kwamba mvua inayotajwa itanyesha kwa watu wengine.

Mwaka wa 2024 masika yalileta mafuriko makubwa hata kufunguliwa kwa muhula wa pili kukaahirishwa. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Sitaki kudanganya kwamba misumari miwili na waya vingeyazuia mafuriko ya Mto Tana. La hasha. Kuna mvua ambayo jembe la shule haliiwezi, na hiyo ni kazi ya Serikali na ya wahandisi. Lakini nyingi ya hasara tunazozipata kila mwaka hazitokani na mvua za aina hiyo. Hutokana na mvua ya kawaida, inayoanguka juu ya shule isiyotayarishwa.

Sababu ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji, nayo ni dhana yetu ya usafi. Shule ya Kikenya husifiwa kuwa safi ikiwa uwanja wake umefagiwa mpaka ukang'aa, bila jani wala unyasi. Kila asubuhi watoto huinama na fagio zao za vijiti, vumbi likatanda, na michoro ya ufagio ikabaki juu ya udongo kama nakshi. Wageni wakija hupendezwa. Mvua ikija hupendezwa zaidi, kwa sababu hakuna unyasi wa kuizuia.

Nendeni mkatazame kizingiti cha darasa lolote la zamani. Jengo lilipojengwa, ardhi ilikuwa sawa na ukingo wa sakafu, au chini yake kwa kipandio kimoja. Leo mtoto wa darasa la kwanza hulazimika kupanda kwa magoti. Jengo halikuinuka, ardhi ndiyo iliyoshuka. Msingi uliozikwa na fundi sasa uko nje, na mizizi ya miti imebaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Bandu bandu huisha gogo, na ufagio ni shoka lisilo na kelele.

Hapa walimu wa hisabati wana somo tayari. Uwanja wa hekta moja una mita 10,000 za mraba. Ukipoteza milimita moja tu ya udongo, umepoteza mita 10 za ujazo. Waambieni wanafunzi wapime kimo kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa sakafu, wakiandike, kisha wapime tena mwakani. Hawatahitaji kuhadithiwa mmomonyoko wa udongo ni nini.

Dawa yake ni rahisi. Takataka ziokotwe kwa mkono, na ufagio uachiwe barazani na njiani. Kwingineko paachwe ukoka uote, na uwe umeshika kabla ya mvua kubwa. Penye mteremko pachimbwe makinga-maji. Wakulima wa Ukambani wana mtindo wao uliopata sifa nje ya mipaka yetu, nao unaitwa kwa Kiswahili chetu "fanya juu": unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, kisha unapanda nyasi juu ya tuta. Mtindo huo hauhitaji mtambo.

Tukitoka ardhini twende paani. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Jengo la madarasa matatu lenye paa la mita 25 kwa 8 lina mita 200 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu, huangusha lita 4,000 juu ya paa hilo. Penye mlizamu mzima na tangi, hayo ni maji ya kunawa mikono na ya kupikia kwa siku kadhaa. Palipo na mlizamu uliong'oka, hizo ni lita 4,000 zinazopiga msingi mahali pamoja. Maji ni yale yale. Kinachotofautisha baraka na balaa ni misumari miwili na kipande cha waya.

Kwa hiyo, kabla ya msimu, milizamu isafishwe na kutolewa majani. Misumari ya mabati iliyolegea igongwe, na ile iliyooza ibadilishwe. Tangi lioshwe, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, kwa kuwa hayo huosha mavi ya ndege na vumbi la kiangazi. Mtaro unaopokea maji ya ziada ufuatwe mpaka mwisho wake, tujue unamwaga wapi. Nimeona shule iliyojikomboa kwa kuyaelekeza maji yake yote katika shamba la mjane jirani. Huo si utayarishaji. Huo ni uonevu.

Vyoo vya shimo navyo visisahauliwe. Udongo ukiliwa kuzunguka sakafu ya choo, maji ya mvua huingia shimoni, shimo likafurika au kuta zake zikabomoka. Choo kilichofurika ndiyo njia fupi ya kipindupindu, na choo kilichobomoka ni kaburi lililo wazi. Tuta dogo la udongo ulioshindiliwa kuzunguka choo, na mfereji wa kuyakwepesha maji, ni kazi ya siku moja kwa kibarua mmoja.

Kuhusu miti, sitaki nieleweke vibaya. Nchi iliyomlea Wangari Maathai haina haja ya kufundishwa kupanda miti. Lakini kupanda ni nusu ya kazi. Mkaratusi uliopandwa hatua tatu kutoka darasani na wanafunzi wa mwaka 1985 sasa ni jitu linaloegemea paa. Matawi makavu yakatwe na mtu anayejua kazi hiyo, wakati wa kiangazi, kabla upepo wa mvua haujayakata wenyewe. Yaliyo karibu na nyaya za umeme yasiguswe na yeyote wa shule. Kampuni ya umeme iitwe.

Kadhalika kuna radi. Eneo linalozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mwezi wa Juni mwaka 2011, radi iliipiga shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo nchini Uganda ikaua wanafunzi 18. Shule yenye kinga ya radi na ichunguze, kabla ya msimu, kama waya wake bado unafika ardhini au umekatwa na wezi. Isiyo nayo na iitafute, na wakati huo huo iwafunze watoto wasijifiche mvua chini ya mti.

Jambo moja zaidi kabla sijaiacha sehemu hii. Tumezoea kupamba njia za shule kwa matairi makuukuu yaliyozikwa nusu na kupakwa chokaa. Yanapendeza. Hata hivyo, tairi lililo wazi likinyeshewa hubaki na maji ndani yake, na mbu hahitaji zaidi ya wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuwa mbu kamili. Mbu wa malaria hupendelea vidimbwi. Yule anayeeneza denge na chikungunya hutaga katika matairi na makopo, naye huuma mchana, saa ambazo watoto wako darasani. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na wengi bado wanayakumbuka maumivu yale ya viungo. Basi matairi hayo yajazwe udongo na kupandwa maua, au yatobolewe chini. Pambo litabaki na mbu atahama.

Sasa naja kwenye sababu ya tatu, nayo ndiyo iniumizayo zaidi. Tumeifanya kazi ya uwanja kuwa adhabu.

Mtoto akichelewa, hufyeka nyasi. Akisahau kitabu, huchimba kisiki. Akipatikana akizungumza lugha ya mama, hupewa mtaro. Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nami nilifurahi kwamba kilipigwa marufuku, katika shule nilizozifahamu jembe ndilo lililokirithi kiti chake. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwadilifu na mwerevu humaliza miaka yake yote ya shule bila kulishika, ilhali mkosaji hulishika kwa hasira. Anachimba mtaro usio na mwanzo wala mwisho, maadamu lengo si maji yapite bali yeye atokwe na jasho. Tumewafunza watoto wetu, bila kukusudia, kwamba anayegusa udongo ni mwenye hatia.

Kisha tunashangaa kwamba meneja, mhandisi au mbunge aliyetoka mikononi mwetu hupita kando ya bomba linalovuja asilione. Atalionaje? Tangu utotoni alifunzwa kwamba kuona vitu hivyo ni shughuli ya watu wengine.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, uliingiza kilimo na kazi za mikono katika shule za msingi kwa nia njema. Mitihani ikaimeza nia hiyo, na kilimo kikawa somo la kukariri aina za mbolea. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umekuja na ahadi kama hiyo, na wazazi wamelalamika kwamba kila wiki wanatumwa kununua vifaa. Hapa pana somo lisilomgharimu mzazi hata senti. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na yanabeba nini? Somo hilo liko nje ya dirisha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba watoto wameletwa shuleni kusoma, si kuwa vibarua. Nakubaliana nao, na mpaka uwekwe wazi. Mtoto asipande ngazi wala paa. Asishughulikie choo wala shimo. Asipewe panga. Kazi hizo ni za fundi na kibarua, na lazima zilipwe. Kazi ya mwanafunzi ni kuchunguza, kupima, kuandika, kuokota makopo, kupanda ukoka na kuutunza. Na aifanye pamoja na mwalimu wake, si mbele ya mwalimu aliyeketi kivulini na kiko cha amri mdomoni.

Wengine watasema hakuna pesa. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu najua jinsi mgao wa Serikali unavyochelewa. Lakini ukosefu wa pesa ndiyo sababu hasa ya kufanya kazi mapema. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kujenga ukuta. Kwa hiyo ndiye apaswaye kuziba ufa. Shule yetu ilikosa bei ya misumari mwezi wa Septemba, ikalazimika kutafuta bei ya ukuta mwezi wa Novemba.

Wapo pia walimu wenzangu watakaosema kwamba hii si kazi yao, na kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa bodi ya usimamizi jukumu la majengo. Ni kweli. Tena tangu 2008 Wizara ya Elimu ina mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, unaozungumzia viwanja na majengo. Lakini mwongozo haupandi ngazi. Mjumbe wa bodi huja mara moja au mbili kwa muhula. Mwalimu huupita ufa ule kila siku, asubuhi na jioni. Aonaye ndiye mwenye wajibu wa kwanza.

Basi nina mapendekezo manne, nami nimejitahidi yasiwe ya gharama.

Kwanza, mara mbili kwa mwaka, Februari na mwishoni mwa Julai, Mwalimu Mkuu, mjumbe mmoja wa bodi, mwalimu wa zamu, fundi wa mtaani na viranja wawili wauzunguke uwanja wote kwa saa moja. Wawe na daftari lenye safu tatu: kilichoonekana, nani atakirekebisha, na siku gani. Katika daftari langu la mwaka 1997 kulikuwa na safu ya kwanza peke yake.

Pili, mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, mtu mmoja ajitoe na mwavuli auzunguke uwanja tena, mradi hakuna radi. Maji hayajui kusema uongo. Kwa nusu saa yatamwonyesha kila kasoro ambayo kiangazi kiliificha.

Tatu, kabla shule haijafungwa kwa likizo ndefu, mlinzi aachiwe jembe lenye mpini, ngazi, funguo za stoo, na jina la mtu wa kumwita hatari ikitokea. Tusimwachie kibiriti na koti peke yake.

Nne, na hili ndilo ninalowasihi walimu wenzangu, jembe liondolewe katika orodha ya adhabu. Atafutiwe mchelewaji dawa nyingine. Kazi ya kuutunza uwanja iwe ya kila darasa kwa zamu, na darasa lenye mtaro bora litajwe katika gwaride la asubuhi kama linavyotajwa darasa lililoongoza katika hisabati.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Mkiuona ufa, msiseme "ni wa shule". Shule ni ninyi. Mwambieni mwalimu, asipotenda mwambieni tena, kwa adabu, wala msichoke. Mmoja wenu angenikumbusha mara ya pili mwaka ule, huenda ningelifungua tena lile daftari.

Mwaka jana nilipata safari ya kwenda sehemu zile, nikapitia shuleni. Mzee wetu mlinzi alikwisha kufariki miaka mingi iliyopita. Ukuta uliojengwa kwa harambee umesimama imara, na mwembe bado upo. Niliinua macho nikautazama mlizamu. Ulikuwa mahali pake, lakini umejaa majani ya mwembe ule ule, na mche wa mpapai ulikuwa umeota ndani yake.

Mwalimu wa zamu, kijana mpole, alinipokea kwa heshima. Nikamwonyesha ule mpapai.

"Tumeshauona, Mwalimu," akaniambia. "Tumeuandika katika daftari la zamu."

"Mmeandika utang'olewa siku gani?"

Alinyamaza. Sikumlaumu, kwani nilimfahamu kijana mwingine aliyewahi kujibu vivyo hivyo. Tulikwenda kwa jirani tukaazima ngazi, nami nikaishika kwa chini, fundi wa mtaani akapanda. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa.